Saini ya Tano

Waulize wauguzi waliopitia hospitali yetu walijifunzia wapi kazi. Watakutajia shule yao ya mjini Sucre, watakutajia walimu na vitabu vinene. Hakuna hata mmoja atakayetaja chumba cha kufulia. Mtu akishapata cheti husahau alikokuwa akijificha baridi.

Mimi nilifua mashuka ya hospitali ile miaka thelathini na mmoja. Mji wetu uko juu, mahali ambapo mwezi wa sita maji ya ndoo huamka yakiwa jiwe, na katika hospitali nzima palikuwa na sehemu mbili tu zenye joto. Moja ni jikoni, na mpishi wetu alikuwa na ulimi ambao hata pilipili iliuogopa. Ya pili ni kwangu, kwenye boila. Kwa hiyo wanafunzi wa uuguzi walioletwa kufanya mazoezi walikuwa wangu, wapende wasipende. Walikuja saba au wanane kila mwaka, kwa majuma kumi na mawili, kofia zao zimetiwa wanga mpaka ungeweza kukatia mkate, na kila mmoja kabana kwapani kitabu chake cha saini. Siku hizi nasikia saini zimo ndani ya simu. Sijui wanabana nini kwapani.

Kile kitabu kilikuwa Injili yao. Ukurasa wa kupima joto, ukurasa wa kumtandikia mgonjwa asiyeweza kuinuka, ukurasa wa sindano, na kila ulilolifanya vizuri msimamizi analitilia saini. Ukurasa wa mwisho ndio uliowakosesha usingizi: kuzalisha. Watoto watano, kwa mikono ya mwanafunzi mwenyewe, saini tano. Aliyerudi shuleni na nne alifunga sanduku akaenda kwao, na hapakuwa na kurudia. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia, msichana mmoja aliondoka na tatu. Baadaye nilimkuta sokoni Potosí anauza vifungo. Vifungo vizuri, sikatai, lakini ni vifungo.

Msimamizi wa wodi ya wazazi alikuwa Hortensia Uzeda. Sote tulimwita Licenciada, maana ndilo jina la cheti chake, na cheti chenyewe alikitundika ukutani juu kidogo ya Bikira Maria. Mwanamke mrefu, mkavu, aliyetembea kana kwamba sakafu yote ni yake na sisi wengine tumepanga. Hakuwa mbaya. Tuseme hakuwa na nafasi ya kuwa mwema.

Sasa mwaka wa sabini na tisa, katika wale saba walioletwa, alikuwamo mmoja anaitwa Benigna Colque.

Benigna alikuwa wa kusimama ukutani. Kila kundi lina wa namna hiyo. Wenzake wanamzunguka mgonjwa, yeye yuko nyuma na daftari, anaandika. Licenciada akiuliza nani atashika beseni, Benigna anaandika kwamba beseni limeshikwa. Mwandiko wake ulikuwa mzuri. Niliishia darasa la nne lakini mwandiko mzuri naujua. Nywele alizikata mabegani kama wasichana wa mjini, na Kihispania chake kilikuwa kimepigwa pasi. Alisema kwao ni Sucre. Ukimuuliza mtaa gani, anakumbuka ana kazi mahali.

Majuma sita yakapita. Kurasa zake nyingine zilikuwa zimejaa, ule wa mwisho mweupe kuliko mashuka yangu. Kosa halikuwa lake peke yake. Hata wenzake walikuwa na mtoto mmoja, wawili. Wanawake wa vijiji vya juu walituogopa. Wanakuja, wanavuliwa sketi zao zote za marinda, sita, saba, wanavishwa gauni la hospitali lililo wazi nyuma, wanalazwa chali juu ya kitanda cha chuma, miguu hewani, katika chumba ambamo pumzi yako unaiona kwa macho. Kwetu mwanamke anazaa akiwa amefunikwa, amechuchumaa, mumewe kamshika kwa nyuma, na upepo hauruhusiwi hata kuchungulia. Ukimlaza vile anajua umeamua kumuua. Basi uchungu ukizidi, wengine wanashuka na kutoroka. Juni ile mmoja alipita dirishani na gauni letu mwilini, namba kumi na nne. Gauni hilo sijaliona mpaka leo. Natumaini mtoto alipata nguo.

Waliobaki hawakumtaka Benigna awaguse. Anawajia na Kihispania chake cha pasi, nao wanageuzia uso ukutani. Kwa hiyo pale wodini kulikuwa na watu wawili wanaotazama ukuta, mgonjwa upande huu na mwanafunzi upande ule.

Siku moja ya juma hilo la sita alishuka kwangu kuleta mashuka machafu. Nilijua si mashuka yaliyomleta, maana alibeba mawili tu. Macho yalikuwa mekundu. Akasogea kwenye boila, akanyoosha mkono kutafuta joto, akagusa bomba.

"Achachaw," akasema.

Mimi nikaendelea kusugua. Hicho ni Kikechua, lugha ya vijiji vya juu, tena si cha kujifunzia ukubwani. Mtu anaweza kuomba kazi kwa lugha ya kuazima, anaweza hata kuolewa nayo, lakini kuungua anaungua kwa lugha ya mama yake. Nikamuuliza, kwa hicho hicho Kikechua, kama kidole kimeiva au tukirudishe motoni. Akanijibu kwa Kihispania kwamba hakuelewa nimesema nini. Shida ni kwamba alikuwa ameshacheka.

"Binti," nikamwambia, "kazi yangu ni kutoa madoa, si kuyatangaza."

Akakaa juu ya furushi la foronya akalia kisawasawa, na yote yakatoka. Sucre alipelekwa kusoma tu. Kwao ni Kallpani, nyuma ya mlima wa pili, nusu siku kwa miguu kutoka pale tulipokaa. Mama yake alisuka misuko miwili, kama wanawake wote wa vijiji vya juu, na kuchunga kondoo. Siku ya kwanza shuleni, msichana mmoja wa vijijini alitamka neno la Kikechua mbele ya wenzake kwa bahati mbaya, na mpaka mwaka unaisha walikuwa wakimlilia kama kondoo kila anapoingia bwenini. Benigna akaona, akaufunga mdomo wake. Alikuwa na miaka miwili hajatamka neno la nyumbani, isipokuwa usingizini, na hata huko alikuwa anajichunga.

Lakini hilo silo lililomliza. Jana yake mwanamke mmoja alikuwa juu ya kile kitanda cha chuma anasema alalaw, alalaw, na Licenciada akaagiza iandikwe kwamba mama analalamika maumivu makali.

"Hakuwa anasema maumivu," nikamwambia.

"Najua. Alikuwa anasema baridi." Akajifuta pua kwa mkono wa sare, jambo ambalo Licenciada angemfukuzia. "Nilisikia, Doña Casimira. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nami nikaandika, maumivu."

Nikafungua kabati lililo juu ya boila, nikatoa mashuka mawili ya moto, nikamwekea mapajani. Nikamwambia kitabu hakizai. Ukitaka watoto watano ufuate waliko mama zao, na mama zao wako kwenye baridi.

Niliyomshauri siku ile sikuyatoa shuleni, niliyaona kwa kupita na kikapu changu vitandani. Nilimwambia afike kabla zamu hazijapokezana, maana wauguzi wa usiku husema mdomoni mambo wasiyoyaandika, na ni hayo yenye faida. Nilimwambia agombanie kubeba bedpani. Wenzake walikuwa wanaikimbia ile kazi, hawajui kwamba mgonjwa humwambia ukweli yule tu aliyembebea choo chake. Hao wengine anawaheshimu tu. Nilimwambia asimuulize mama habari za uchungu kabla hajamuuliza nani amebaki na wanyama. Na daftari alifungie sandukuni mpaka jioni. Akauliza atakumbukaje. Nikamwambia mimi nina hesabu ya mashuka mia mbili na kumi kichwani, na sijawahi kupungukiwa isipokuwa gauni lile lililopita dirishani.

Kesho yake alikuja nikiwa bado nawasha moto. Akachukua mashuka akapanda mbio yasije yakapoa. Nilimfuata kwa nyuma na kikapu kitupu, maana umbea nao unataka kisingizio. Alikuwepo mama mmoja wa makamo, kalala chali, meno yanagongana. Benigna akatazama huku na huku. Licenciada alikuwa mwisho wa wodi. Akamfunika yule mama shuka la moto miguuni, la pili mabegani, kisha akainama sikioni kwake akanong'ona. Sikusikia neno, lakini niliona yule mama anavyogeuka kutoka ukutani, polepole, kama mtu aliyeitwa jina lake njiani ugenini.

Mtoto huyo alikuwa wa kwanza. Licenciada alisimama pembeni akitoa maelekezo, Benigna akapokea, saini ikaanguka. Juma la nane wa pili, juma la tisa wa tatu, juma la kumi na moja wa nne. Wote kitandani, kama kitabu kinavyotaka, ila na mashuka ya moto na minong'ono. Licenciada akasema kumbe msichana ana mkono wa utulivu. Hakujua ni mdomo. Benigna bado alikuwa anakificha Kikechua chake kama mtu anayekula wakati wa mfungo.

Hapa inabidi nikiri jambo langu. Kwetu kondo la nyuma halitupwi. Linaoshwa, linafungwa kwa kitambaa safi, linazikwa nyumbani alikozaliwa baba wa mtoto. Bila hivyo mama anadhoofika na mtoto anakuwa mtu wa kutangatanga. Hospitali ilikuwa inayachoma. Licenciada alikuwa analitandaza kila kondo kwenye beseni, analikagua huku na huku, kisha linaingia ndoo yenye mfuniko, na ndoo inashushwa kwenye tanuri la taka, ukuta mmoja na chumba changu. Basi kati ya ndoo na tanuri nilikuwepo mimi na kikapu. Waume walikuja mlango wa nyuma na viazi vikavu, au jibini, wakaondoka na kifurushi. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini tanuri lile linakula kuni kidogo hivyo.

Benigna aligundua. Alianza tu kufunga kitambaa kwenye kila ndoo, chenye alama ya mama husika, ili kila mmoja apate la kwake. Kabla yake, Mungu anisamehe, mimi nilikuwa nakisia.

Ikafika Ijumaa ya mwisho. Lori la kuwarudisha Sucre lilikuwa la saa nane mchana, na Benigna ana saini nne. Tangu Jumanne hakuna mwanamke aliyekuja kuzaa. Wenzake sita walikuwa wamekamilisha, wanafunga mizigo, wanaimba. Yeye alikuwa amekaa kwangu anakunja foronya zilizokwisha kukunjwa. Nilijaribu kumchekesha nikashindwa, na mimi si mtu wa kushindwa hapo. Nikamwambia vifungo navyo ni biashara. Hakucheka.

Saa tatu akaletwa Tomasa Porco, mimba ya tatu, katoka kijijini kwao juu ya gari la chumvi, na mumewe na mama mkwe wake. Mama mkwe huyo, Doña Fortunata, alikuwa mdogo kama kijiti na aliingia pale wodini kama anaingia polisi. Licenciada akampima Tomasa, akasema bado, saa mbili au tatu mbele. Saa nne ikagonga.

Wasio wa kwetu hawaelewi saa nne. Saa nne asubuhi ni salteña, maandazi ya moto yenye nyama na mchuzi ndani, na saa tano zimekwisha nchi nzima. Kwetu watu huahirisha mazishi, salteña hawaahirishi. Licenciada na daktari wakatoka kwenda kona, kama kila siku Mungu aliyoumba, Licenciada akamwachia Benigna wodi na kumwambia wasitupiane maneno na yule bibi.

Mtoto wa tatu naye hajui salteña. Haikupita robo saa mwanafunzi mmoja akanijia mbio, Benigna anataka mashuka ya moto, yote. Nilipofika Tomasa alikuwa ameshuka kitandani. Alikuwa amechuchumaa pembeni yake, kavaa sketi zake mwenyewe juu ya gauni letu, na mumewe kamshika kwa nyuma. Mwanamume hakuruhusiwa mle. Aliingia mlango gani, sitasema. Wanafunzi wengine walijazana mlangoni.

Benigna alitazama kitanda, akamtazama Tomasa. Kitabu kilisema kitandani. Akachukua mashuka mikononi mwangu, akayatandaza sakafuni, akavaa glavu, akapiga magoti. Kisha akaanza kusema Kikechua kwa sauti kamili, mbele ya wale wasichana wote. Kilikuwa kimepata kutu mwanzoni, halafu kikashika njia. Alimwambia asisukume bado. Alimwambia avute pumzi kama anapanda mlima na ana mzigo. Wale mlangoni hakuna aliyelia kama kondoo.

Doña Fortunata alikuwa amemkazia macho.

"Wewe binti wa nani?"

"Wa Eulogia, wa Kallpani."

"Yule mwenye kondoo weusi?"

"Huyo huyo, mama."

"Sasa muda wote huo tangu tumefika ulikuwa unaona haya ya nini?" akasema bibi, akaja kupiga magoti upande wa pili.

Akazaliwa msichana, mwenye hasira, mzima. Benigna akamkausha, akamweka kifuani kwa mama yake chini ya shuka la moto, akafunga kitovu akakata. Baada ya muda kondo nalo likatoka. Mimi nilikuwa nimeshaandaa kikapu. Nilipiga hesabu haraka: Licenciada angali anachagua ya pili. Tunamlaza Tomasa kitandani, mume anatoka alikoingilia, napangusa sakafu, kondo linashuka na mimi, Licenciada anarudi anakuta mama kitandani na mtoto ananyonya, na saini ya tano hiyo. Nikamwambia Benigna anipe.

"Bado sijalitazama," akasema.

Akalitandaza kwenye beseni, pale sakafuni. Doña Fortunata akang'aka, anatafuta nini kwenye kitu cha watu. Benigna akamweleza bila kuinua macho: anatazama kama limetoka lote, maana likibaki hata kipande, mama anaweza kumaliza damu. Bibi naye akainama, vichwa viwili juu ya beseni moja. Wakaligeuza. Wakalirudia. Upande mmoja, ukingoni, palikuwa na pengo, kama mkate uliomegwa.

Nikatazama shuka chini ya Tomasa. Doa lilikuwa linakua. Si kwa haraka, lakini mimi madoa nayajua, na hilo lilikuwa halijamaliza.

"Doña Casimira, kamwite Licenciada."

"Binti, tumlaze kwanza. Dakika mbili tu. Akimkuta sakafuni umekwisha."

Mkono wake mmoja ulikuwa tayari juu ya tumbo la Tomasa, unasugua kwa nguvu, kama walivyofundishwa. Hakunitazama.

"Mama," akasema, "kimbia."

Mpaka siku ile alikuwa ananiita Doña, kama anavyoitwa kila mwanamke mtu mzima. Nilikimbia na ndara zangu, umri wangu miaka hamsini na miwili, sketi zangu nimeshika mkononi, na mji mzima uliniona magoti. Salteña inaliwa kwa mikono miwili, umeinamisha kichwa mbele mchuzi usikuchirizikie, na hivyo ndivyo nilivyomkuta Licenciada. Nikamwambia kondo halijakamilika. Hakuuliza la nani. Aliliacha lile andazi pale kwenye meza ya watu na kunipita mbio, na daktari nyuma yake akitafuna.

Aliingia akaona kila kitu: sakafu, mume, sketi, bibi, mwanafunzi. Nikafumba macho nisubiri kelele. Nilipoyafumbua alikuwa amepiga magoti kwenye damu, sare yake nyeupe hiyo, anauliza maswali mafupi na Benigna anajibu mafupi. Dakika ngapi tangu litoke. Damu kiasi gani, akamwonyesha vitambaa alivyoviweka pembeni vihesabiwe. Mapigo ya moyo mangapi. Pengo liko wapi. Daktari akavaa glavu akaingiza mkono, na Licenciada akaanza kumtuliza Tomasa kwa Kihispania. Tomasa akapiga yowe na kumsukuma. Licenciada akainua kichwa.

"Mwambie wewe," akamwambia Benigna. "Kwa chenu. Mwambie tunafanya nini na kwa nini, usimfiche."

Benigna akamwambia. Tomasa akaushika mkono wa Benigna akauuma, lakini hakusukuma tena. Kipande kikatoka, kidogo kama ulimi wa paka. Sindano ikachomwa. Doa likasimama.

Mchana ulikuwa umeingia Licenciada alipoketi mezani kwake na kuomba kitabu. Benigna alikuwa ameshajaza. Mimi nilikuwa napangusa sakafu mahali palipokwisha kupanguswa. Licenciada akasoma kwa sauti, taratibu, kwamba mama alijifungua sakafuni, amechuchumaa. Kwamba mwanafunzi alizungumza naye Kikechua. Kwamba kipande kilikosekana na msimamizi akaitwa.

"Ungeweza kuandika kitandani," akasema. "Kwa sasa yuko kitandani."

"Ndiyo, Licenciada."

"Shule watasoma hili neno sakafuni."

"Ndiyo, Licenciada."

Licenciada akavua miwani. Akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba mwaka wake wa kwanza pale mama mmoja alimfia sakafuni, hatua tatu kutoka alipokuwa ameketi. Alizaa upesi, familia ikaondoka na kondo upesi, likazikwa, na hakuna aliyelitazama. Ndiyo maana alitaka kila mmoja kitandani, mahali anapomwona. Kumbe kwa miaka yote ile alikuwa anaogopa, na sisi tunadhani ana kiburi. Kiburi pia alikuwa nacho, lakini kidogo kuliko tulivyomsingizia.

Kisha akanigeukia.

"Doña Casimira, kikapu chako kuanzia leo kipite mezani kwangu kwanza."

Nikamuuliza kikapu gani. Akanitazama mpaka nikakumbuka.

Akarudi kwenye kitabu. Akasema kwamba mwanafunzi akiandika mama alikuwa wapi, basi na msimamizi hana budi kuandika alikuwa wapi. Akashika kalamu, akaandika chini ya maneno ya Benigna: msimamizi hakuwepo, alikuwa nje akila. Akatia saini, na mchuzi wa salteña uliokuwa bado kidoleni ukaacha alama ya mafuta pembeni ya jina lake. Ilikuwa saini yangu pia, ukinipa ruhusa ya kujisifu, ila mimi sikuandika popote kwamba nilitaka kukimbia na kikapu.

Kondo Licenciada alilipeleka mwenyewe. Aliliweka lote kwenye kitambaa, na kile kipande, akamkabidhi Doña Fortunata kwa mikono miwili. Bibi akalihesabu kwa macho kama mtu aliyekwisha jifunza jambo jipya.

Shule walibishana juu ya neno sakafuni juma zima, nilisikia baadaye, na juu ya neno akila juma la pili. Walimwandikia Licenciada barua kali. Lakini saini ilikuwa saini. Benigna alipata cheti chake, akafanya kazi vijiji vya juu miaka mingi, na nasikia alikuwa mkali, hana mchezo, wanafunzi wake wanamwogopa. Nacheka peke yangu nikiyasikia hayo.

Mchana ule alishuka kunirudishia sare. Lori lilikuwa linapiga honi, wenzake wanamwita. Alisimama mlangoni, akaniuliza kwa Kikechua kama nitakuwa na baridi. Nikamwambia mwenye boila haulizwi swali hilo. Akacheka, akanikumbatia na mikono yenye harufu ya sabuni ya hospitali, akaenda mbio, kofia mkononi, nywele zake fupi zimesimama kama za kifaranga.

Nikabaki na mashuka ya Tomasa. Damu inataka maji baridi na chumvi, na haraka, kabla haijazoea kitambaa. Niliyaloweka yote. Matatu yalitoka safi. La nne lilibaki na kivuli katikati, rangi ya chai, nami sikulisugua sana. Nililikunja nikaliweka chini kabisa ya kabati la joto, nikalihesabu pamoja na mengine, mia mbili na kumi kamili.